Ngazi Kumi na Tisa za Shangazi

Jumatatu, tarehe 4 Agosti

Nimepanda ngazi mara nne leo. Kumi na tisa kwenda, kumi na tisa kurudi. Asubuhi mkate. Saa nne dawa. Saa saba mkate tena, kwa kuwa ule wa asubuhi ulikuwa mgumu. Jioni Shangazi akagonga sakafu yake, ambayo ndiyo dari yangu. Nikapanda mbio, roho mkononi, nikidhani kuna msiba. Alitaka kujua nje kuna nini.

Nje! Miezi mitano hajaiona ila dirishani. Mwezi wa tatu aliteleza jikoni akifuata sufuria ya juu. Hakuvunjika yeye, lilivunjika bakuli. Lakini tangu siku hiyo anatembea akipapasa kuta kana kwamba sakafu nzima imepakwa sabuni, na ngazi ameapa hazigusi. Mwanamke aliyeshonea suti nusu ya mji huu!

Kinachomkera zaidi ni kumkosa Bibi Vifungo. Walifanya kazi meza moja miaka thelathini, Shangazi akikata na kushona, mwenzake akipachika vifungo, na jina likamganda. Anakaa baada ya duka la dawa, hatua mia mbili tu kutoka hapa, ila magoti yake yamegoma. Basi wanapigiana simu. Wakimaliza, Shangazi huchukua leso yake akaikunja mara mbili, mara nne, mara nane, mpaka haikunjiki tena. Mimi hutazama pembeni.

Zahanati imemtuma binti wa mazoezi. Nimempa jina Bi Viungo. Huja Jumanne na Ijumaa, humsimamisha Shangazi kutoka kitini, humketisha. Mara kumi. Hiyo ndiyo tiba! Nilimuuliza kama kusimama na kukaa kunasomewa chuoni. Akanijibu kwa upole kwamba mtu akiogopa kuanguka hujikalia, akijikalia miguu hulegea, na ikilegea ndipo huanguka kweli. Kisha akanitoa nje, akafunga mlango. Eti nazungumza sana.

Nimekaa dirisha la posta miaka thelathini na mbili. Nawajua watu. Nina mpango.

Jumanne, tarehe 5 Agosti

Mpango wa kwanza: njaa. Nimetangaza kwamba nimeteguka mguu, siwezi kupanda. Akitaka mkate atashuka mwenyewe. Rahisi!

Saa mbili na nusu kikapu kikapita mbele ya dirisha langu, kikirukaruka. Shangazi amekifunga kwa mpira wa kiunoni, ule wa kutilia sketi. Chini alikuwepo nani? Fundi Saa, mjane mwenye masharubu, ambaye meza yake iko pale pale mlangoni petu. Akatia mkate. Akatia na gazeti. Safari ya pili akatia shati lake lililochanika kola. Saa nane shati likarudi limeshonwa, na yeye kachana nywele.

Kikapu kimeshuka mara sita. Mimi sikuitwa hata mara moja. Mke wangu ameuliza ni mguu upi nilioteguka, maana asubuhi nilichechemea wa kulia na mchana wa kushoto.

Alhamisi, tarehe 7 Agosti

Mpango wa pili: magodoro. Hesabu yake ni nyepesi: kuanguka kusipouma, cha kuogopa ni nini? Nikatoa godoro letu na mawili ya wanangu walioshaoa, nikayatandika ngazini kutoka juu hadi chini. Kazi safi. Nilisimama nikaitazama kwa fahari.

Wa kwanza kupita alikuwa Fundi Saa, akipeleka mkate kwa miguu, kujionyesha tu. Ngazi ya kumi mguu ukadidimia, godoro likamponyoka chini yake, akateremka nalo hadi mlangoni, ameketi wima, mkate juu kama mwenge. Hakuumia. Alisema alikuwa na haraka hata hivyo.

Lakini Shangazi alisikia ule mshindo. Akafunga mlango kwa komeo.

Bi Viungo, aliyepigiwa simu na Shangazi, alikuja haraka. Akasema kama kungekuwa na mashindano ya kubuni mtego wa kuangusha wazee, ningeshinda. Akaniagiza niondoe kila kitu ngazini, niweke balbu mpya, nikaze bomba la kushikia ambalo limelegea tangu mwaka juzi. Nikamwambia asante kwa maoni yake. Bomba amelikaza Fundi Saa. Mke wangu anataka kujua alama ya kiatu kwenye godoro letu itatoka lini.

Ijumaa, tarehe 8 Agosti

Mpango wa tatu: mfano. Naandika nikiwa nimelala kifudifudi, kwa sababu zitakazoeleweka.

Nilipanda hadi ngazi ya nne. Nikamwita Shangazi atokeze mlangoni kwake. Nikampa shikamoo, nikamweleza kwamba kuanguka ni jambo la utulivu tu, mtu unajilegeza kama nguo ya kuanikwa. Nikajilegeza.

Sikuanguka kama nilivyopanga. Nilijikuta chali kwenye korido, naiangalia balbu mpya. Hakuna kilichovunjika. Lakini kuinuka? Mikono ilikuwa kama ya mtu mwingine. Fundi Saa akaja mbio kunivuta. Juu ikatoka sauti ya kushtua jengo zima: asiguswe!

"Usikurupuke, mwanangu. Vuta pumzi kwanza. Umeumia wapi?"

Nikasema kwenye heshima.

"Hiyo haishoneki. Geuka ubavu."

Nikageuka. Akanipeleka hatua kwa hatua: egemea kiwiko, piga magoti, tambaa hadi kwenye kiti cha Fundi, weka mikono juu yake, tanguliza mguu wenye nguvu, sukuma. Nikasimama! Nikamuuliza kajulia wapi. Kumbe kila Jumanne na Ijumaa analala kwenye sakafu yake na kuinuka, mlango umefungwa.

Halafu nikashangaa kwa nini sauti yake iko karibu hivyo. Nikainua macho. Alikuwa ameketi ngazi ya nane kutoka juu, mkono kwenye bomba.

Nikapiga kelele kwamba ameshuka. Akasema ana wiki mbili anashuka na Bi Viungo, kwanza ngazi mbili, kisha nne, sasa nane, na kurudi. Nikauliza, kwa uchungu, mbona mimi sikuambiwa. Akasema ningetangazia mtaa mzima. Nikamhakikishia kwamba mimi ni kaburi la siri. Kisha nikafungua mlango wa mbele nikautangazia mtaa mzima.

Niliporudi nilimuuliza kama haogopi tena.

"Naogopa sana tu. Viganja vinatoka jasho. Ila sasa najua nikianguka nitainukaje."

Jumamosi, tarehe 9 Agosti

Amekwenda!

Bi Viungo alikuwa ubavuni, hamshiki, yupo tu. Fundi Saa alitangulia chini na kiti, tayari kumfuata nacho barabarani. Ngazi ya kumi na mbili Shangazi alisimama muda mrefu sana. Nikajiziba mdomo kwa viganja viwili, na haikuwa rahisi. Kisha akateremsha mguu.

Mbele ya duka la dawa alikaa kitini katikati ya njia, watu wakampitia kushoto na kulia, naye akawaitikia salamu zao kama mwenye harusi.

Nilitaka kuandamana nao. Lakini kizingiti cha mlango wetu ni kirefu ajabu. Sijawahi kukigundua. Nikasema nitabaki kulinda nyumba, nikashika fremu ya mlango kwa mikono miwili.

Kutoka hapo niliona yote. Bibi Vifungo alikuwa ametoka hadi getini kwake, kaling'ang'ania. Nilidhani watakumbatiana. Wapi! Alimshika Shangazi mkono wa gauni, akausogeza machoni. Fundi Saa ndiye aliyenisimulia baadaye maneno yenyewe.

"Nani kakupachikia kifungo hiki?"

Miezi mitano, na hilo ndilo la kwanza! Ndipo wote wawili wakalia.

Jumapili, tarehe 10 Agosti

Mwili wote unauma. Bi Viungo amepita, ingawa leo si siku yake, akaniomba nisimame kutoka kitini mara kumi. Nimemjibu kwamba hayo ni mambo ya wazee. Akauliza miaka yangu. Sitini na sita, ni kijana. Akauliza pia kwa nini napapasa kuta. Sipapasi. Nakagua unyevu.

Ni wazi kwamba yaliyotokea ni matunda ya mipango yangu mitatu, hasa magodoro. Sitegemei shukrani.

Shangazi amegonga dari mchana. Nimemtuma mke wangu, mimi bado nakagua kuta. Amerudi na habari: Bibi Vifungo naye anataka kuja huku kwa miguu yake, ila anaogopa kuanguka. Bi Viungo ataanza naye, kiti na mara kumi. Itachukua hadi mwezi wa kumi na mbili!

Mimi nimeshalifikiria. Mwenye duka la dawa ana mbwa. Mtu anayekimbizwa na mbwa hana nafasi ya kuogopa kitu kingine. Mbwa mwenyewe ni mdogo, mpole, na nimeambiwa hajamng'ata mtu tangu Mei.

Tunaanza Jumatano.