Maboksi Ishirini na Matatu ya Mama Vifuniko

Bwana mmoja, ambaye jina lake la kweli hata yeye alilazimika kulifikiria kidogo kabla ya kulitaja, alikuwa ameegemea nguzo nje ya duka la rangi, akinywa soda polepole ili iishe sambamba na mvua. Hapo ndipo alipowaona wanawake wawili wakigombea ndoo tupu.

Ilikuwa ndoo ya rangi nyeupe, ya lita ishirini, imekwisha kutumika. Mmoja alidai ameahidiwa na mwenye duka tangu Jumatatu. Mwenzake alidai ahadi ni maneno, na yeye ameishika mpini. Walikuwa watu wazima wenye heshima zao, mmoja amevaa miwani. Walivutana kwa dakika kumi nzima. Aliyeshinda aliondoka akiwa ameikumbatia ile ndoo kama mtoto aliyetoka hospitali.

Mtaalamu, maana ndivyo alivyojiita mwaka huo, aliusindikiza ule ushindi kwa macho mpaka ulipokata kona. Kisha akajiuliza swali moja la kitaaluma: mtu anayetoana jasho na mwenzake kwa ndoo tupu, akionyeshwa friji atafanya nini?

Juma lililofuata aliingia katika mtaa ule akiwa na koti jeupe lililopigwa pasi, kalamu tatu mfukoni na mkoba wa fomu. Alianzia saluni. Alimweleza yule dada msusi kwa sauti ya chini kwamba kuna jambo lisilotakiwa kusambaa. Kufikia adhuhuri hapakuwa na nyumba ambayo haikulijua.

Jambo lenyewe lilikuwa Shindano la Familia Isiyotupa Kitu. Familia itakayoonekana kutumia tena vitu vyake vizuri kuliko nyingine zote itapewa jiko jipya, friji la milango miwili na mashine ya kufulia. Wapo wafadhili, alisema, na wafadhili wamechoshwa na takataka. Fedha hazitakiwi kabisa. Tena alipofika hapo aliinua kiganja, kana kwamba kuna mtu alikuwa anamlazimisha azipokee. Kinachotakiwa ni dhamana: kila familia itoe kifaa kimoja cha nyumbani, kizima, kinachofanya kazi, ili kuthibitisha kwamba haina uchu wa mali. Vifaa vyote vitarudishwa siku ya kutoa zawadi.

Mwalimu mmoja mstaafu aliuliza inakuwaje mtu asiye na uchu wa mali ashindanie friji. Mtaalamu alimpongeza kwa swali zuri, akaliandika kwenye daftari, akampa fomu. Mwalimu akaijaza.

Kwa siku kumi mtaa ule uliishi maisha mapya. Watu ambao hawakuwahi kuhifadhi hata kamba ya kiatu walianza kuzunguka majalalani na mifuko wakitafuta ushahidi. Mke wa mwalimu alichana pazia jipya vipande vinne ili Mtaalamu, ambaye sasa waliita jaji, akute amepata madasta. Dada msusi aliandikisha familia tatu, zote zikiwa na yeye ndani: mara moja kama mama, mara moja kama shangazi, na mara moja kama mpangaji. Mtaalamu alikagua kila nyumba kwa uso wa mtu anayesoma hukumu. Alinusa, aligonga, aliandika alama. Na kila alikotoka alitoka na kifaa kwapani: feni, pasi, birika la umeme, redio, jiko la gesi la mafiga mawili.

Nyumba ya mwisho ilikuwa ya Mama Vifuniko. Mtaalamu alikwisha kusikia habari zake katika kila nyumba aliyokagua, na mara nyingi aliyesimulia alikuwa akicheka. Alipoingia jikoni kwake alielewa kwamba wale wengine wote walikuwa wanaigiza. Unga ulichotwa kwa chupa ya mafuta iliyokatwa kimshazari. Mfuko wa sokoni ulikuwa suruali ya jinzi, bado ina zipu. Miswaki mikuukuu ilisimama ndani ya kopo, mmoja wa kola, mmoja wa masufuria, mmoja wa kucha. Mapazia yalining'inia yamenyooka bila mkunjo, kwa sababu ya vyuma fulani alivyovishonea kwenye pindo. Na nyuma kulikuwa na stoo, ambayo ndiyo iliyompatia jina: tangu sakafuni hadi darini, vifuniko visivyo na chupa, chupa zisizo na vifuniko, mipini isiyo na sufuria, pasi zilizoungua, vikombe visivyo na masikio.

"Siwezi kutupa," mama alieleza kwa upole. "Nikishika kitu cha kutupa, naona kama kinanitazama."

Mumewe, fundi saa, alikuwa amekaa mlangoni na kioo chake jichoni. Alisema bila kugeuka kwamba mama yake mzazi ni mgonjwa wa miguu, anahamia kwao mwisho wa mwezi, na chumba atakacholala ni hiyo hiyo stoo. Amekwisha kumwambia mkewe mara nne. Mara ya tano hatasema, atamlaza mama yake kwenye kitanda chao, na wao watalala juu ya vifuniko.

Kisha akauliza, "Jaji, shindano lako linapokea na vitu vibovu?"

Mtaalamu alijibu kwamba, kwa masikitiko, linapokea vizima tu.

"Haya," alisema fundi saa, akarudi kwenye saa yake.

Mama Vifuniko alitoa dhamana ya blenda iliyokuwa bado ndani ya boksi lake. Alipewa siku ya harusi, hajawahi kuitumia, kwa kuogopa kuliharibu boksi. Aliipokea fomu kwa mikono miwili, akaipapasa. Alisema ni karatasi nzito sana, haionekani siku hizi. Mtaalamu alipokea sifa hiyo kwa unyenyekevu.

Mama ndiye aliyegundua kwamba jaji ana shida. Vifaa vilikuwa vimerundikana katika chumba cha wageni alichopanga, na dirisha la chumba hicho halikuwa na kioo. Mama alijitolea. Angeibana stoo yake upande mmoja ili dhamana zote zikae humo, na kwa kuwa jaji alisema zitapelekwa kwanza kwa wafadhili zikaguliwe, na vyombo vikisafirishwa hivihivi hukwaruzana, angevifunga yeye mwenyewe kwa matambara, ndani ya maboksi mazuri aliyokuwa ameyaweka kwa miaka. Mtaalamu alikaa kwenye kigoda akamtazama akifunga. Mama alikuwa fundi wa kufunga. Kila kifaa kilivishwa kama mtoto siku ya baridi, na kila boksi likafungwa kwa kamba iliyookotezwa. Yalikuwa ishirini na matatu. Mtaalamu aliyaandika namba, akayagonga muhuri juu, akafunga kufuli, akatia ufunguo mfukoni. Mama ndiye aliyemkabidhi ufunguo huo kabla hata hajauomba, na Mtaalamu aliona huruma kidogo. Ilikuwa huruma ya kawaida katika kazi yake, hupita baada ya chakula.

Siku nne kabla ya safari, mama alimfuata akiwa na aibu usoni. Alisema yeye hana neno, ila majirani wananong'ona. Wanasema jaji amechukua dhamana kwa kila mtu, lakini yeye mwenyewe hajaweka kitu. Yule mwalimu hasa.

Mtaalamu alipima jambo hilo. Minong'ono haikufaa siku nne kabla ya safari. Aidha, boksi litakalobeba dhamana yake lingeondoka na yeye mwenyewe. Basi aliitisha watu mbele ya stoo, akatoa hotuba fupi kuhusu viongozi wanaotangulia mbele, akaitoa simu yake mfukoni, simu nzuri iliyopatikana katika shughuli nyingine, akaiweka ndani ya boksi namba moja, akalifunga na kuligonga muhuri upya. Watu walipiga makofi. Mama Vifuniko alimkumbusha aweke na chaja.

Jumamosi asubuhi pikapu ilifika. Dereva alikuwa mtu mnene asiyependa maneno. Walikuwa wamekubaliana kwamba ujira wake utakuwa feni moja na pasi moja, avichague mwenyewe njiani. Mtaalamu alikuwa amejiandaa kupakia haraka kabla mtaa haujaamka vizuri, lakini alikuta umeamka wote. Walitoka kumsaidia. Mwalimu mstaafu alibeba maboksi mawili licha ya mgongo wake. Dada msusi alisukuma kwa niaba ya familia zake zote tatu. Fundi saa, ambaye tangu siku ile ya ukaguzi Mtaalamu hakuwa amemsikia akisema maneno kumi, aliyapanga maboksi ndani ya pikapu, akayafunika kwa turubai, akakaza kamba mara mbili. Mwalimu alimwomba dereva aendeshe polepole, visije vikavunjika. Wakawapungia mikono mpaka gari likapinda.

Mtaalamu aliguswa. Alikwisha kuondoka katika miji mingi, lakini hakuwahi kusindikizwa.

Baada ya saa moja na nusu ya mwendo dereva aliegesha chini ya bango la sabuni, akazima injini, akasema anataka pasi yake. Mtaalamu alimwambia achague. Dereva alichagua boksi namba tisa kwa uzito wake, akalikata kamba, akaingiza mkono kwenye matambara. Alitoa pasi. Ilikuwa imeungua upande mmoja na haina waya. Akaingiza tena mkono, akatoa kikombe kisicho na sikio.

Alikiweka kikombe juu ya boneti.

Mtaalamu alifungua namba kumi. Mipini. Akafungua namba nne, ambamo kwa macho yake aliliona likiingia jiko la gesi, akakuta vigae vilivyovunjika, vimefungwa kimoja kimoja kwa uangalifu. Muhuri wake ulikuwa juu, mzima, haujaguswa hata wino. Aliligeuza boksi. Chini lilikuwa limefunguliwa kwa kisu na kugandishwa tena kwa gundi ya unga. Alifungua namba moja. Vifuniko. Alizamisha mkono hadi begani akiitafuta simu yake, na vifuniko vikamwagika barabarani, vikabingirika kila kimoja njia yake.

Aliomba simu ya dereva, akapiga namba yake mwenyewe. Iliita mara mbili.

"Jaji," alisema Mama Vifuniko. "Mmefika salama?"

Mtaalamu alianza kwa ukali. Alisema huu ni wizi wa mali za wafadhili, na kwamba atachukua hatua. Mama alimsikiliza hadi mwisho, kwa sababu alikuwa mtu wa adabu, kisha akamweleza. Ile fomu ilikuwa nzito mno. Akaishikilia juu ya mvuke wa birika, ikaachana, ikawa karatasi mbili. Mbili ni bora kuliko moja, alikuwa anahitaji za kuandikia orodha ya sokoni. Lakini kumbe fomu ilikuwa imebandikwa juu ya karatasi kuukuu, na ndani alikuta maandishi ya semina ya kufuga nyuki, yenye sahihi ileile ya jaji na jina jingine chini yake. Akaenda kumwonyesha mwalimu.

"Na stoo?" aliuliza Mtaalamu. "Ufunguo nilikuwa nao mimi."

"Kufuli lile lina funguo tatu, mwanangu. Mbili zilikuwa kwenye pindo la pazia, zinalivuta chini."

Dhamana zote zilikwisha kurudi kwa wenyewe tangu Alhamisi. Ndiyo maana watu walikuwa na nguvu za kubeba. Mwalimu alitaka waite polisi, lakini dada msusi alikuwa na fomu tatu asizotaka kuzieleza kwa polisi, na mke wa mwalimu hakutaka habari za pazia zifike mbali. Mama akawaambia wamwache tu aende, ila aende na mzigo wake.

Hapo sauti yake ilibadilika, ikawa ya mtu anayeshukuru kweli. "Miaka kumi na tisa nimeshindwa kutupa. Usiku ule wa Jumatano nilipovifunga nililia, mume wangu shahidi. Lakini si kutupa, sivyo? Nimempa mtu aliyevitaka mwenyewe, akavibeba mwenyewe. Mama mkwe amekwisha kuingia chumbani. Anasema kina hewa."

Mtaalamu aliuliza kuhusu simu yake. Alijikuta anauliza kwa upole.

Mama alisema ni dhamana, na dhamana inarudi siku ya kutoa zawadi. Kwa sasa mama mkwe anaitumia kusikilizia taarifa ya habari. Siku friji likifika, aje nalo, aichukue. Kisha akasita kidogo, kama mtu anayeogopa kuomba kupita kiasi.

"Ila jaji, ukishavitoa vitu, yale maboksi usiyatupe. Niletee. Bado mazima."

Simu ikakatwa. Lori likapita likiponda vifuniko kadhaa. Dereva, aliyekuwa ameketi kwenye ngazi ya pikapu akikizungusha kile kikombe mkononi, aliuliza mama amesema nini.

"Anataka maboksi yake."

Dereva aliyatazama maboksi, akaitazama barabara walikotoka, kisha akalitazama lile koti jeupe tangu kola hadi vifungo. Lilikuwa kitambaa kizuri.

"Vua," alisema. "Hiyo ni nauli ya kuja. Ya kurudi tutaelewana kwenye viatu."