Mishale Mifupi ya Mtengeneza Fremu

Jumanne, 4 Machi

Nimepigwa na uzi wa upinde tena. Safari hii ni sikioni. Sikio limevimba, jekundu, na mteja wa kwanza dukani akaniuliza kama mimi na mke wangu tuna amani. Nikamwambia ni nyuki. Akachukua fremu ya picha yake ya harusi, akaondoka ananionea huruma. Bora huruma kuliko ukweli.

Ukweli ni kwamba ninaogopa. Mwanamume mzima, mwenye duka lake la fremu za picha, ninaogopa kijiti kilichofungwa uzi. Nikivuta nusu tu naona uzi unanijia machoni, vidole vinafunguka vyenyewe, mshale unakwenda kulima majani.

Na kuacha siwezi. Uwanja wa upinde ni wa baba mkwe. Ana upinde wake wa zamani, aliouchonga mwenyewe ujanani, umetundikwa sebuleni kwake juu ya kochi. Sasa bega limemkataa. Ametangaza kwamba siku ya mtihani, tarehe 29, atamkabidhi huo upinde atakayevuta vizuri zaidi kati yangu na Shemeji, kaka wa mke wangu.

Shemeji na mimi tuna umbo moja. Bega sawa, mkono sawa. Suti niliyofungia ndoa ilikuwa yake, na miaka yote hii hajaacha kuniuliza kama niliifurahia. Upinde ule ukienda kwake, kila nikialikwa nitakula nikiutazama ukutani. Sitameza.

Alhamisi, 6 Machi

Kocha wetu ni Bi Mkunga. Amezalisha nusu ya watu wa mtaa huu, akastaafu, akagundua bado ana sauti ya kuamrisha watu wavute pumzi.

Leo ametoa ratiba. Kwanza hakuna shabaha. Tunasimama mbele ya robota la nyasi kavu, karibu kiasi cha kulipiga kofi. Tunafumba macho, tunavuta, tunatulia, tunaachia. Nikamuuliza tutajuaje kama tunalenga vizuri. Akajibu kwamba anayekosa robota kwa umbali ule hahitaji kocha, anahitaji kulazwa. Shemeji akacheka kuliko wote.

Sheria ya Bi Mkunga ni moja. Mkono uvute uzi mpaka pembe ya mdomo, na hapo ncha ya mshale itakuwa imerudi mpaka karibu na ngumi iliyoshika upinde, imebaki upana wa kidole tu. Baba mkwe ametukatia mishale kwa kipimo hicho. Mishale yangu na ya Shemeji ina urefu mmoja. Yangu imefungwa nyuzi nyekundu, yake buluu.

Ncha ya Shemeji ilirudi pale pale panapotakiwa. Yangu ilibaki mbele huko, imechomoza vidole vinne. Bi Mkunga aliiangalia, akaniuliza taratibu nilikuwa namwogopa nani.

Jumamosi, 8 Machi

Nimepata dawa. Tena rahisi mpaka nimejionea aibu kuchelewa.

Kama ncha haitaki kurudi kwenye ngumi, basi mshale uwe mfupi. Niko na msumeno mwembamba wa fremu, unaokata mbao kama siagi. Nikafunga mlango wa duka, nikabandika kibao cha kuomba radhi, nikang'oa ncha za chuma, nikapunguza kila mshale upana wa vidole vitatu, nikarudisha ncha, nikapaka varnishi. Kazi safi. Hata mimi nisingejua.

Uwanjani jioni nilivuta pale pale ninapovutaga siku zote, kwenye usalama wangu, halafu nikasogeza kichwa mbele kidogo ili mdomo uukute mkono. Ncha ikakaa juu ya ngumi sawasawa. Bi Mkunga akatikisa kichwa kwa kuridhika. Shemeji akatoa macho. Baba mkwe, aliyekuwa amekaa kwenye kiti chake cha turubai, akapiga makofi mawili.

Furaha yangu ilidumu mpaka Bi Mkunga alipozunguka upande wa pili. Akasema ncha ni nzuri, ila kichwa kinadonoa kama kuku. Akasema atakishughulikia.

Jumapili, 16 Machi

Wiki nzima ya mateso. Nimenyang'anywa mishale kabisa. Navuta upinde mtupu, taratibu, narudisha taratibu, mgongo kwenye nguzo, na kati ya kisogo na nguzo kuna kandambili ya Bi Mkunga. Kichwa kikienda mbele, kandambili inaanguka, naanza upya. Siku ya kwanza niliiokota mpaka kiuno kikauma.

Nyumbani nafanya vilevile mbele ya kioo, kwa ukanda wa mpira wa baiskeli. Mke wangu amesema naonekana kama mtu anayewasha jenereta linalokataa kuwaka. Lakini alisimama mlangoni akaangalia mpaka mwisho.

Na kuna jambo limetokea ambalo sikulitegemea. Hofu ya uzi inapungua. Bi Mkunga anasema uzi uliovutwa mpaka mahali pake una njia yake ya kurudi, hauna haja na sikio la mtu. Mimi nilikuwa nauachia njiani, kichwa kikiwa kwenye njia ya uzi. Sikumwamini. Halafu jana nikavuta mpaka pembe ya mdomo, macho nimefumba, nikahesabu pumzi, na sikusikia hofu yoyote. Karibu nilie.

Jumamosi, 22 Machi

Nimeponea chupuchupu.

Leo mishale imerudi. Robota, macho tumefumba. Nikasimama kama nilivyofundishwa, kichwa wima, nikavuta mpaka pembe ya mdomo bila wasiwasi, mtu mpya kabisa. Nikasikia kitu cha baridi kwenye shina la dole gumba.

Nikafumbua jicho moja. Ncha ya chuma ilikuwa haipo mbele ya upinde. Ilikuwa imepita ndani, imedondoka, imelala juu ya mkono wangu wa kushoto, imeelekezwa kwenye nyama. Ningeachia, ningejipigilia kwenye upinde kama picha ukutani.

Nikarudisha uzi polepole, polepole kama mtu anayerudisha yai kwenye kiota. Bi Mkunga akauliza kulikoni. Nikasema msuli wa mkono umekaza. Akatazama nilichokishika, ulikuwa mguu, si mkono, nikabadilisha upesi.

Sasa nina hofu mpya, na hii si ya kipuuzi. Nikivuta vizuri najitoboa. Nikivuta vibaya Bi Mkunga ananiona. Na mwili umeshajifunza. Nikijaribu kuvuta nusu, mkono unakwenda wenyewe mpaka mdomoni. Yule mwanamke amenifundisha nikafundishika.

Jumatano, 26 Machi

Nimejaribu kuunga vipande nilivyokata. Gundi ya fremu, ya nguvu. Mshale wa kwanza ulikatika nikiushika tu.

Nikaenda kwa baba mkwe kuomba mishale mipya. Akauliza ile ya zamani ina nini. Nikasema haina kitu. Akauliza basi mipya ya nini. Nikaangalia upinde juu ya kochi. Ulikuwa umefutwa vumbi. Akaniambia kwa sauti ya chini kwamba alihangaika msimu mzima kuupata mti wake, na kwamba kila akiutazama anaukumbuka mkono wake ulivyokuwa. Nikaaga bila kumaliza chai.

Mtihani ni keshokutwa na siku moja. Hata kuhesabu kumenishinda.

Ijumaa, 28 Machi

Limekwisha. Nimelimaliza mchana.

Tangu jana mishale yote imekusanywa stoo ya uwanja, tayari kwa mtihani. Nilikwenda na fagio, nikamwambia mlinzi najitolea kufagia. Akaniombea baraka. Humo ndani nikafungua nyuzi nyekundu kwenye mishale yangu na buluu kwenye ya Shemeji, nikabadilishana. Sasa mirefu ni yangu na mifupi ni yake. Nikafunga mafundo vizuri. Nikafagia pia, ili nisiwe mwongo.

Shemeji ataona mara moja. Ana jicho la haraka, alishawahi kuona doa kwenye suti yake ambalo mimi nililiweka ndani ya mfuko. Ataona mishale ni mifupi, atalalamika, mtihani wake utaahirishwa, mimi nitavuta. Hakuna atakayeumia.

Hakuna atakayeumia. Nimeandika mara mbili ili nami niamini.

Jumamosi, 29 Machi

Watu walijaa. Baba mkwe kwenye kiti chake, upinde wa zamani magotini. Shangazi wa mke wangu, aliyesafiri makusudi, kwenye benchi mbele. Shemeji akaitwa kwanza.

Alikuwa anacheka na shangazi huku anachomoa mshale. Hakuutazama. Nikangoja autazame. Akauweka kwenye uzi, macho kwenye shabaha. Ndipo nikakumbuka: Bi Mkunga ametufundisha tusiutazame mshale kamwe, tutazame tunapotaka uende. Na Shemeji ni mwanafunzi mtiifu.

Akaanza kuvuta. Vizuri, bila haraka, kichwa wima. Nikaona ncha inarudi. Nikaona ule mkono wake wa kushoto, mkono ulioshika upande wa pili wa friji yetu tulipohamia, ngazi zote zile, wakati mimi nilisingizia mgongo. Mkono huohuo ulinifunga tai siku ya harusi kwa sababu mimi nilikuwa natetemeka. Nilitaka kusema usiachie. Kusema usiachie kungetaka maelezo.

Nikapiga kelele kwamba kuna nyoka miguuni pake.

Sijawahi kuona watu wakitawanyika vile. Shangazi aliruka benchi kwa mguu mmoja. Mlinzi alipanda robota. Shemeji alitupa upinde upande huu, mshale ukaangukia upande ule, yeye akaonekana tayari yuko langoni. Baba mkwe peke yake alibaki amekaa, kaukumbatia upinde wake, miguu juu.

Majani yalipigwa fimbo mpaka kikaonekana kipande cha mpira wa kumwagilia. Nikasema ndicho nilichokiona. Mtihani ukaahirishwa, kwa kuwa hakuna mkono uliokuwa umetulia. Nikakaa chini palepale. Mkono wa Shemeji mzima. Nilikuwa nautazama tu, vidole vyote, mpaka akaniuliza kama nina homa.

Bi Mkunga hakukimbia. Alikuwa ameinama anaokota mshale wenye nyuzi za buluu.

Jumapili, 30 Machi

Baba mkwe ametuita wote sebuleni. Nilikwenda nikijua nakwenda kunyolewa bila maji.

Akasema amefikiri. Akasema mbele ya watu wote, katika siku ya kushindana, mimi niliwaza mguu wa mshindani wangu kabla ya kuwaza ushindi. Nyoka alikuwa mpira, lakini moyo ulikuwa wa kweli. Akaushusha upinde kwa mikono yake miwili, akanipa. Machozi yalimlengalenga. Jumamosi ijayo nipige nao mshale wa kwanza, watu waone.

Shemeji akanikumbatia. Akaniomba radhi kwa habari za suti, akasema kuanzia leo ni yangu. Mke wangu alikuwa anaangalia masikio yangu, ambayo yanabadilika rangi nikidanganya.

Bi Mkunga alinikuta nje ya geti. Akaulaza mshale juu ya mkono wake kama anayepima mtoto, akanionyesha ulipoishia. Halafu akanionyesha fundo la uzi. Ni fundo la kutundikia picha. Kwake ana picha mbili zinazoning'inia kwa fundo hilo, nilizifunga mimi. Akasema amesikia uongo wa akina baba wengi kwenye korido za wodi na hakuna uliomtetemesha kama huu, kwa sababu huu ungetoa damu. Ananipa mpaka Jumamosi nimwambie ukweli Mzee, yaani baba mkwe, kwa mdomo wangu. Nisipomwambia, atamwambia yeye. Mishale mifupi ameichukua yote.

Nililia kidogo njiani. Nimeapa kwamba sitarudia ujanja wa aina hii maisha yangu yote.

Alhamisi, 3 Aprili

Upinde wa Mzee hauvutiki.

Nimejaribu mbele ya kioo, nimejaribu kwa mguu ukutani, nimejaribu kwa kuusemesha. Haurudi hata nusu. Sijui ujana wa Mzee ulikuwa wa chuma gani. Keshokutwa nitasimama mbele ya shangazi, mbele ya Shemeji, na kijiti kitanikatalia.

Kumwambia Mzee ukweli, nitamwambia. Nimeamua kabisa. Ila hayo si maneno ya kumwambia mtu mwenye huzuni. Kwanza aone upinde wake ukivutwa vizuri mpaka pembe ya mdomo, afurahi, ndipo nimwambie, tukiwa tumeshakula.

Kwa hiyo nimefunga mlango wa duka, nimebandika kibao. Upinde ni mnene kuliko unavyohitajika, hilo kila mwenye kujua mbao ataliona. Nikaamua kuupunguza kidogo tu upande wa juu, unene wa kadi, halafu msasa, halafu varnishi.

Kabla ya kuanza nilifanya yote aliyonifundisha Bi Mkunga. Nilisimama wima, nikashusha mabega, nikavuta pumzi, nikatulia. Mkono haukutetemeka hata kidogo, randa ikateleza sawa kabisa. Mazoezi yanasaidia kweli.

Nilipoujaribu ulilia kidogo katikati, kama mlango. Nadhani unajizoesha. Kesho nitapunguza upande wa chini.