Kitanda cha Mama Mkwe Kwenye Mchoro

Jamani, leo sina uso.

Mnajua mwaka jana nilifunga ofisi yangu ya kuchora ramani za nyumba pale Milimani, wateja walipokwisha. Tangu hapo nimekaa nyumbani na huzuni yangu. Mwezi uliopita baba mkwe akanipigia simu kutoka kijijini kwao Kisian. Nyumba ya mama mkwe inavuja, nichore mpya, leo niilete ukoo uione. Mke wangu Akinyi alifurahi mpaka akaimba jikoni na binti yetu Achieng. Nyumba moja tu ikisimama pale kando ya barabara, watu watajua bado ninaiweza kazi yangu!

Nikachora nyumba ya kisasa ya mtindo wa ghala la Wazungu, lile la nafaka na mifugo. Paa refu la mabati meusi, ukumbi mmoja mkubwa usio na kuta, na juu yake sehemu ya kulala iliyo wazi, inayotazama ziwa. (Nilijipenda sana siku hiyo.)

Leo saa nne asubuhi nikabandika picha kubwa ukutani kwao. Wazee wamejaa. Mama mkwe amekaa pembeni, uso ameugeuzia mlangoni, kama heshima inavyotaka mkwe akiwepo. Tangu nioe, hatujawahi hata kupeana mkono.

"Orwa, mkwe wetu," baba mkwe akaanza, "nyumba ni mzuri. Lakini ng'ombe itaingilia mlango gani?"

"Hakuna ng'ombe, Mzee. Ni mtindo tu."

"Haya. Na Mama atalala wapi?"

Nikamwonyesha kitanda, kule juu.

"Hapo hakuna ukuta? Na wewe ukikuja kututembelea, unakaa wapi?"

"Hapa chini, kwenye kochi."

Wazee wakapima kwa macho, kochi mpaka kitanda. Kutoka kwenye kochi kitanda kinaonekana chote, hadi mito! Mimi, mkwe, nisiyeruhusiwa hata kuchungulia chumba chake. (Miaka sita chuoni, na hili sikuliwaza.)

Mambo yangeishia hapo ningepona. Lakini baba mdogo wa Akinyi akavaa miwani, akasogea karibu.

"Na huyu amesimama kando ya kitanda na kikombe ya chai ni nani?"

Yawa, jamani! Sisi wachoraji huweka mtu kwenye picha ili ukubwa wa nyumba ueleweke. Nilikosa picha ya mtu. Nikaweka yangu. Nimevaa kaptura.

Mama mkwe akajifunika leso usoni, akatoka. Baba mkwe akabandua picha, akaikunja taratibu, akanirudishia kwa mikono miwili. Afadhali angenitukana.

Njiani kurudi nyumbani, tulipopita Otonglo, Akinyi akanigeukia.

"Hata kaptura, Baba Achieng?"

Kisha akalia.

Sasa hivi shemeji amepiga simu. Kazi amepewa fundi wa huko huko Kisian. Vyumba vidogo, kila kimoja na mlango wake. Mama ameomba chake kiwe na kufuli mbili.

Tafadhali msinicheke. Ila kama kuna mtu anayetaka kujengewa, na hana undugu wowote na mke wangu, mimi nipo.