Mashine Iliyokutwa Ghorofa ya Saba

Serikali ilitangaza, mbele ya waandishi wa habari na vitafunio vya kutosha, kwamba kuanzia Jumatatu hakuna mashine itakayoruhusiwa kula kazi ya mtu. Waziri alisoma tangazo hilo kwa sauti ya kamanda aliyerudi na ushindi. Alisema mashine zimejisahau. Zilikuja kama wasaidizi, sasa zinataka kukaa kitini. Akaahidi kwamba kabla ya wiki kwisha wananchi wataonyeshwa mashine ya kwanza iliyokamatwa, kisha akapanda ndege kwenda kwenye mkutano wa nje uliohusu jambo hilohilo.

Kazi ya kukamata ilikabidhiwa Idara mpya ya Kudhibiti Mitambo Inayohatarisha Ajira, na idara hiyo ilikuwa na mtumishi mmoja. Alikuwa mwanamke wa makamo aliyehamishwa kutoka Vipimo na Mizani, mwenye viatu vya kutembelea na tabia ya kusoma sheria mpaka ukurasa wa mwisho. Tabia hiyo ilimchelewesha sana kupandishwa cheo. Ofisini walimwita Mkaguzi. Nyumbani walimwita dada, wifi na shangazi, kwa kuwa mdogo wake wa kiume alikuwa amehamia kwake pamoja na mke, watoto wanne na kabati ambalo halikupita mlangoni, likabaki uani likivaa turubai mvua ikinyesha.

Mdogo wake huyo alikuwa mwinua-geti wa maegesho ya wizara. Gari likija, anainua mti wa geti. Likipita, anaushusha. Halafu siku moja akakuta pale kwenye kibanda chake kuna mnara mwembamba wenye jicho la kioo na sauti ya dada wa redioni, na mti unajiinua wenyewe. Alipewa cheti cha shukrani na soda.

"Dada," alimwambia Jumapili usiku, watoto wakiwa wamelala sebuleni kama dagaa walioanikwa, "kesho si ndiyo unaanza?"

"Kesho."

"Basi unajua pa kuanzia."

Wifi yake alikuwa anakunja nguo. Alimtazama, na Mkaguzi akaelewa kwamba mtu mmoja angalau alikuwa amechoka kupika kwenye jiko la mwenzake.

Asubuhi alikwenda maegesho na mdogo wake nyuma yake, na Mwanasheria wa wizara kama shahidi. Mwanasheria alikuwa kijana mwenye suti ya kubana na ndiye aliyeandika sheria yenyewe. Au, kama alivyopenda kusema, aliratibu uandishi wake. Kamati ya wataalamu ilijifungia hoteli ya mlimani kutafuta maana ya neno "mashine". Walikaa sana, wakala vizuri, wakatoka na jibu ambalo kila mtu aliliona limekwenda shule. Kwa mujibu wa sheria, mashine ni kitu chochote ambacho, kwanza, hutoa jibu lilelile kwa kila anayeuliza. Pili, hakimtazami anayeuliza. Na tatu, umeme ukikatika, huzimika.

Mkaguzi aliukaribia mnara.

"Habari za asubuhi," alisema.

"Nzuri, mama. Karibu. Leo umekuja kwa miguu?" mnara ukajibu, na lile jicho la kioo likageuka kumtazama kuanzia viatu hadi kitambaa cha kichwa.

Likaja gari la mhasibu. "Pole na foleni, bosi," mnara ukasema. Likaja la mpishi wa kantini. "Mama, tairi la nyuma limepungua upepo."

Mkaguzi akaagiza umeme ukatwe. Ukakatwa. Mnara ukabadili kwenda kwenye betri, ukaomba radhi kwa usumbufu, na mti ukaendelea kupanda na kushuka.

"Kipengele cha kwanza, hapana," alisema Mkaguzi taratibu. "Cha pili, hapana. Cha tatu, hapana."

"Maana yake nini, dada?" aliuliza mdogo wake.

"Maana yake, kisheria, huyu ni mtu."

"Nani mtu? Hili bomba?"

"Sheria ndiyo hiyo," alisema Mwanasheria, kwa unyenyekevu wa mwandishi anayesifiwa. Kabla ya saa ya chai, chama cha wafanyakazi kilikuwa kimeshaualika mnara ujiunge.

Mdogo wake hakupiga kelele. Ingekuwa afadhali apige. Alikiangalia kile kibanda kitupu, akavuta pumzi, akasema, "Twende basi kwa mkubwa. Nimemwinulia mti miaka yote hii, hawezi kukosa neno la kuniambia."

Mkubwa alikuwa Katibu Mkuu, ghorofa ya saba. Kwenye korido yake watu walikaa kwenye mabenchi wakiwa na sura ya watu waliozoea benchi. Mama mmoja mjane, aliyekuwa akifuatilia mafao ya marehemu mumewe, aliwapisha wakae. Mlango ulikuwa wazi kidogo, na sauti ya Katibu Mkuu ilisikika vizuri.

"Serikali inalitambua hilo, na mchakato unaendelea."

Akatoka mwalimu mstaafu, akaingia fundi wa barabara.

"Serikali inalitambua hilo, na mchakato unaendelea."

Akatoka fundi, akaingia mtu aliyepotea njia akitafuta choo. Naye akaambiwa hivyohivyo.

Mkaguzi aliinua kichwa. Hakupenda wazo lililomjia. Ni wazo ambalo mtu mwenye watu sita wa kulisha nyumbani hapaswi kuwa nalo ghorofa ya saba. Akamwuliza mjane, kwa sauti ya chini, "Mama, huwa anakutazama?"

"Nani? Huyu? Mwanangu, mimi namjua utosi. Uso wake nimeuona kwenye picha ile ya ukutani."

Mkaguzi alimgeukia Mwanasheria. "Sheria inawatoa viongozi?"

Mwanasheria akakohoa. "Kifungu cha kuwatoa viongozi kilipangwa siku ya mwisho ya semina. Siku ya mwisho watu walikwenda kununua zawadi za familia."

"Kwa hiyo hakimo."

"Hakimo. Lakini dada yangu, jamani, busara..."

"Busara imo?"

"Busara nayo haimo," alikiri Mwanasheria.

Waliingia. Katibu Mkuu alikuwa kwenye kiti kikubwa cha ngozi, kichwa kimeinamia simu, na simu imechomekwa ukutani kwa waya mfupi, kiasi kwamba mtu mwenyewe alionekana amechomekwa. Mkaguzi akafanya kazi yake.

"Mheshimiwa, geti limefaulu kipimo. Je, tulifunge au tuliache?"

"Serikali inalitambua hilo, na mchakato unaendelea."

"Mheshimiwa, huyu ni mdogo wangu. Amekufungulia geti kila asubuhi. Unamkumbuka?"

"Serikali inalitambua hilo, na mchakato unaendelea."

Mdogo wake, aliyekuwa amevua kofia, akaivaa tena.

Mkaguzi akauliza la mwisho. "Mheshimiwa, je, wewe ni mashine?"

"Serikali inalitambua hilo," alisema Katibu Mkuu, bila kuinua macho, "na mchakato unaendelea."

Mwanasheria akakaa chini, ingawa hakukuwa na kiti upande wake.

Kilichobaki ni umeme. Mkaguzi hakutaka kuukata mwenyewe. Aliona ni kama kumsukuma mtu. Lakini mafundi wa chini walikuwa bado wanahangaika kuurudisha ule wa maegesho, wakagusa waya wasioujua, na jengo zima likawa giza. Feni ya darini ilipungua mwendo, ikasimama. Simu, iliyokuwa ikiishi kwa waya ule, ikazimika. Katibu Mkuu akaiweka mezani, akashusha kidevu kifuani, akafumba macho. Baada ya muda mfupi akaanza kutoa mngurumo mdogo, wa mfululizo.

"Imezimika," alisema Mkaguzi.

"Mngurumo je?" aliuliza Mwanasheria.

"Friji nayo hunguruma."

Akabandika kibandiko chekundu kwenye tai, mahali ambapo hakitaharibu kitambaa. Mwanasheria akampigia Waziri. Waziri, huko ng'ambo, alikuwa anasubiri zamu ya kuhutubia na alihitaji sana habari njema. Aliuliza kama mashine imekamatwa. Akaambiwa ndiyo. Aliuliza kama ni kubwa. Akaambiwa ni kubwa sana. Hakuuliza ni ipi. Akapanda jukwaani na kuutangazia ulimwengu ushindi, akapigiwa makofi, na kuanzia hapo jambo likawa la heshima ya taifa, halirudi nyuma.

Wapagazi wanne wakabeba kiti pamoja na kilichomo, wakakishusha stoo.

Sheria ilitaka nafasi ya mashine iliyozimwa ijazwe papo hapo na binadamu aliyenyang'anywa kazi na mashine, aliye karibu zaidi. Wote wakamtazama mdogo wake Mkaguzi.

"Mimi?" alisema. "Mimi najua geti tu."

"Kaa kwanza," alisema dada yake. "Watu wanasubiri."

Hakukuwa na kiti, akakaa kwenye kona ya meza. Mjane akaingia, akaanza kama alivyozoea, akiongea na sakafu. Mdogo wake Mkaguzi akainama mpaka macho yao yakakutana.

"Mama, shikamoo. Shida yako nini?"

Mjane akalia kidogo, akajifuta, akasema, "Marahaba, mwanangu. Ngoja nikumbuke. Zamani niliisema vizuri." Aliposema, ikaonekana shida yenyewe ilikuwa sahihi moja. Akaipata. Ilipofika jioni, mabenchi yalikuwa matupu, na mfagizi alisimama koridoni akishangaa upana wake.

Ndipo Mkaguzi alipomwuliza, kikazi, "Na lile geti?"

Alitegemea hasira.

"Liache, dada. Ule mti ulikuwa unanivunja mgongo, na moshi wa magari ulinikoholesha mpaka watoto wakazoea kuamka nao. Kazi ile sikuipenda. Nilipenda mshahara, na nilipenda kusalimiwa, ingawa salamu zenyewe zilikuwa chache. Mwenye mashine aendelee nayo. Ila amlipe aliyemtoa, mpaka huyo mtu apate pa kushika. Asipotaka, aing'oe."

"Ndiyo sheria hiyo?"

"Mimi sijui sheria. Mwanasheria yupo, aandike."

Mwanasheria akaandika papo hapo, bila hoteli. Mwezi haukuisha kabati likapakiwa kwenye mkokoteni kwenda nyumba ya kupanga, na wifi akamkumbatia Mkaguzi kwa nguvu ya mtu anayekwenda kwenye jiko lake mwenyewe.

Kule stoo Katibu Mkuu alizinduka umeme uliporudi. Akajikuta kati ya taipureta, feni na mashine mbovu ya kutoa nakala.

"Unajua mimi ni nani?" alimfokea mtunza stoo.

Mtunza stoo akampiga chapa ya namba ya mali ya serikali begani mwa koti, kwa upole. "Zote huanza hivyo zikiletwa," alisema. "Hii ya nakala nayo ilipiga kelele wiki nzima."

Taratibu za mali chakavu zilikuwa wazi: mnada. Dalali akaweka bidhaa uani, wananchi wakajaa. Taipureta zikaenda. Makabati yakaenda. Ilipofika zamu ya Katibu Mkuu, dalali alimsifu kwa moyo wote: hajatumika sana, kiti ni cha ngozi. Hakuna aliyenyoosha mkono. Mtu mmoja akauliza kama kiti kinaweza kuuzwa peke yake.

Ndipo umati ukafunguka, akapita mke wake. Katibu Mkuu akainuka kitini. Kwa mara ya kwanza Mkaguzi akayaona macho yake, na yalikuwa macho ya kawaida kabisa, mekundu, ya mtu. Moyo ukamwuma. Akatamani kipimo kirudiwe.

"Mke wangu! Waambie hawa!"

Mama yule alimzunguka polepole, kama mnunuzi makini. Akamwuliza dalali, "Inafanya kazi?"

"Ilikuwa inafanya, mama. Hatujajua kazi gani."

Akasimama mbele ya mumewe, mkoba begani. "Nakuuliza mara moja tu. Bomba la jikoni linavuja tangu mtoto wetu yuko shule ya msingi. Utalitengeneza lini?"

Mkaguzi alijikuta anamwombea: sema kesho, sema sijui, sema hata sitaki, sema chochote. Katibu Mkuu alimtazama mkewe machoni. Alifungua mdomo. Jasho lilimtiririka. Ilionekana wazi kwamba anatafuta, kwa dhati, ndani kabisa.

"Mchakato..." alisema.

Mke wake akapumua. Akafungua mkoba, akamlipa dalali, akanunua feni.