Ufunguo Kwenye Bakuli la Mchele

Jumatatu, 4 Machi
Baba mkwe kasafiri, kaniachia gari hadi Jumamosi. Akilikuta salama, litakuwa langu la kusambazia mito ya kulalia. Likipata shida yoyote, anampa shemeji, kaka wa mke wangu, tunayemwita Mjuaji. Leo Mjuaji kapita mara mbili, eti kusalimia. Kusalimia au kuvizia?

Jumanne, 5 Machi
Balaa! Nimefua suruali, ufunguo mfukoni. Lakini simu ikilowa si huwekwa kwenye mchele? Nikaubandua ufunguo kichwa kwa kisu, ukauke mpaka ndani, nikauzika kwenye bakuli la mchele jikoni. Akili ni nywele, kila mtu ana zake. Zangu nyingi.

Jumatano, 6 Machi
Umekauka, nimeubandika kwa gundi. Mlango unafunguka. Injini inawaka sekunde mbili, kimya. Mara kumi na nne! Mjuaji kasimama getini akinihesabia. Nikamwambia naipasha moto. Akauliza baba anafika saa ngapi Jumamosi.

Alhamisi, 7 Machi
Kwa fundi funguo. Akanieleza polepole, kama mtoto: kuzunguka tundu la ufunguo kuna pete ya waya, na kichwani mwa ufunguo kuna chembe ndogo kama punje ya mchele. Pete inaiamsha chembe, chembe inataja namba yake, gari likiitambua linaendelea kuwaka. Nikauliza kama maji yaliua betri yake. Akasema haina betri, nguvu inapewa na pete ileile, na maji hayaidhuru hata kidogo. Kisha akachungulia ndani. Akasema mzee, kichwa hiki kitupu. Sikupenda alivyonitazama.

Mbio kwa mke wangu. Anasema jana alipochambua mchele alikuta kijiwe cheusi, akakitupa uani, kuku wake mwekundu akakimeza. Nilikaa chini palepale.

Ijumaa, 8 Machi
Tangu alfajiri namfuata kuku na kijiti, napekua kila kinyesi chake. Hola! Mke wangu anasema kuku hutunza vijiwe kwenye firigisi siku nyingi. Firigisi! Nikambeba hadi garini, nikamkandamiza kifua karibu na tundu. Wapi. Nikamgeuza ubavu. Injini ikanguruma, haikuzima! Nimembusu kuku.

Jumamosi, 9 Machi
Kumpokea baba mkwe kituo cha basi. Mjuaji kajialika, kakaa nyuma. Kuku yuko chini ya koti langu. Mzee kapanda, nikainamia usukani kuwasha, kuku akapiga kelele. Mjuaji akamwambia baba aniulize nimeficha nini. Nikasema ni zawadi yako, baba. Mzee akafurahi, akanishika bega. Mjuaji kanuna njia nzima.

Kwake akashuka na kuku wake. Akalizunguka gari, hakuna mkwaruzo, akasema ni langu. Ee Mungu, nina gari, sina kuku! Hapo akatoa mfukoni ufunguo wa akiba, akanipa. Alikuwa nao muda wote. Nilitaka kulia.

Jumapili, 10 Machi
Mke wangu haongei nami, kuku alikuwa wake. Ufunguo wa akiba unawasha mara moja. Lakini wasiwasi haunitoki. Nitajuaje kama chembe ya humu imekaa sawasawa? Nitaubandua kidogo tu, nichungulie, nirudishe. Kisu ninacho. Uani ndiko kwenye mwanga mzuri, na mke wangu ndiyo kwanza anawafungulia kuku waliobaki.