Linux Yaingia Saiba ya Baba Lewis

Jumatatu, 8 Septemba

Kompyuta imeniita mwizi tena, na safari hii mbele ya mteja. Kioo kiligeuka cheusi, yakatokea maandishi pembeni kwamba mfumo ninaoutumia si halali. Mwalimu Nyasani, aliyekuwa akichapa mtihani wa sayansi, aliyasoma kwa sauti kama anayesomea darasa imla. Mimi, Onyancha, Baba Lewis, shemasi wa kanisa. Mfumo wenyewe sikuuiba. Niliuziwa na jamaa mmoja mjini Kisii, ndani ya flashi, na alinihakikishia kwamba ni wake.

Ng'ambo ya barabara, mshindani wangu Lavender ametundika bango jipya. Saiba yake, duka la kompyuta na uchapaji kama langu, ilijaa kutwa. Yangu ilikuwa na mimi na Mwalimu Nyasani, naye aliondoka mapema.

Mchana nimeona video. Kumbe kuna mfumo wa kompyuta unaoitwa Linux. Ni wa bure. Umeandikwa na watu wa dunia nzima, na kila mtu anaruhusiwa kuutumia, kuusoma, kuubadilisha na kumgawia jirani. Tena virusi haviupendi. Umekuwepo miaka zaidi ya thelathini na hakuna aliyefika Kebirigo kuniambia! Chifu hutuita barazani kutuhimiza tuchimbe vyoo, lakini hili amelinyamazia.

Mpango: kesho naiweka Linux kwenye kompyuta zote. Halafu kila mtu ajue kwamba mashine za Lavender zina virusi na zangu hazina. Sehemu ya pili nimeianza leo. Nilipokuwa nakunywa chai nilimnong'oneza Sheila wa hoteli kwamba virusi vya ng'ambo ile vinakula majina ya watu kwenye makaratasi. Nilimwomba asimwambie mtu. Sheila ukimwomba hivyo, kufikia jioni hata wachuma chai wa Itumbe wanajua.

Mke wangu Jemimah ni mwalimu, kwa hiyo hupenda maswali. Ameniuliza kwa nini nisijaribu kompyuta moja kwanza. Nimemwambia mto Gucha hauvukwi kwa mguu mmoja. Akasema huvukwa kwa fimbo, unapima kina kabla ya kuingia. Mwanamke hawezi kunifundisha Gucha.

Jumanne, 9 Septemba

Imeingia. Kompyuta zote tano.

Nina malalamiko mawili. La kwanza, katikati ya kazi mfumo uliniuliza kama nafuta kila kitu kilichomo. Nikakubali, kwa sababu huwezi kumkaribisha mgeni nyumba haijafagiwa. Kumbe "kila kitu" ilikuwa na maana ya kila kitu. Barua za wateja, wasifu wa vijana wanaotafuta kazi, kumbukumbu za mikutano ya chama cha akina mama, zote hakuna. Kweli uliuliza mara mbili, lakini haukuuliza kwa uzito unaostahili.

La pili, niliandika nenosiri langu na mashine ikaniambia ni dhaifu. Nilikuwa nimeandika jina langu. Ukoo wetu haujawahi kuitwa dhaifu na mtu yeyote, sembuse kitu kilichochomekwa ukutani.

Ashley, binti anayesoma chuo, alikuja kutafuta barua yake ya kuombea mafunzo kazini. Nilimwambia imehamishiwa kwenye wingu. Akauliza wingu lipi. Nikamwambia hilo ni jambo la kiufundi. Alitoka, akasimama kidogo barabarani, kisha akavuka kwenda kwa Lavender. Watoto wa siku hizi hawana subira.

Jumatano, 10 Septemba

Wateja ni watu wa ajabu. Unawapa kitu bora, wanataka kile walichozoea. Kutwa nzima wameniuliza pa kubonyeza pamehamia wapi. Mwalimu Nyasani alifungua mtihani wake kutoka kwenye flashi, akakuta mchoro wa moyo wa binadamu umeruka kurasa mbili na kutua juu ya swali la mmomonyoko wa udongo. Nilimwambia asiulaumu mfumo, huenda moyo wenyewe haukuwekwa vizuri. Hakucheka. Mimi pia sikuwa nacheka.

Halafu, saa za alasiri, ushindi. Mzee Nyangate aliingia.

Mzee Nyangate ni mzee wa kanisa letu na hazungumzi sana. Mama yake, Mong'ina, alifariki wiki jana, na mazishi ni Ijumaa. Alikuwa na maandishi ya programu ya mazishi kwenye flashi na picha ya marehemu akiwa na kikapu cha chai mgongoni, anacheka. Alisema alikuwa anaelekea kwa Lavender, lakini amesikia virusi vya huko vinakula majina, na jina la mama yake hataki liguswe. Alinishika mkono akasema, "Onyancha, huyu alinizaa mimi peke yangu. Nifanyie vizuri."

Nilimwambia amefika mahali salama.

Baada ya yeye kuondoka niliiamuru printa ichape ukurasa mmoja wa majaribio. Ikanyamaza. Niliizima na kuiwasha. Nilimwambia Jemimah aombe. Alisema atawaombea Nyangate na jamaa yake.

Alhamisi, 11 Septemba

Siku ya dhuluma.

Asubuhi niliingia kwenye jukwaa la mtandaoni ambako watu wa Linux husaidiana. Niliandika kwa herufi kubwa ili waone kwamba nina shida. Niliwaambia mfumo wao umeniharibia kazi, printa haisikii, na marehemu hawezi kungoja. Mtu wa kwanza aliniomba niache kupiga kelele. Sijafungua mdomo! Wa pili, wa huko Brazili, aliniambia niandike amri fulani kwenye kile kidirisha cheusi. Nilimjulisha kwamba mimi ni mtu mzima na sipokei amri. Akaeleza kwamba amri ni ya kompyuta. Wa tatu akasema nisome mwongozo. Niliusoma. Umeandikwa kwa ajili ya watu ambao tayari wanajua kilichomo.

Nilikuwa karibu kuwalaani wote ndipo akatokea mmoja aliyejiita Taa ya Nyamira. Alianza kwa "Bwakire buya", salamu yetu ya asubuhi kwa Kigusii, akaniita tata, yaani baba. Moyo ulitulia. Mtu wa nyumbani! Aliuliza printa yangu ni ya aina gani. Nikamwambia. Akasema inahitaji programu yake ya kuiendesha, akaniandikia mistari miwili ya kuchapa, na akaniambia ya kwanza inafanya nini na ya pili inafanya nini. Hakunidharau hata kidogo.

Niliguswa, nikamfungulia moyo. Nilimweleza kwamba kinachoniumiza zaidi ni ushindani, kwamba ng'ambo ya barabara yangu kuna mwanamke ambaye mashine zake zimeoza kwa virusi na bado watu wanapanga foleni. Taa ya Nyamira akaniuliza nimejuaje kwamba zina virusi. Nikajibu kwamba kila mtu anajua, hata wachuma chai wa Itumbe. Akanitakia kazi njema.

Printa ikaamka! Nilipiga makofi peke yangu.

Lakini nilipofungua programu ya Mzee Nyangate, jambo la aibu. Maandishi ni ya Kiingereza, kama programu nyingi za mazishi za huku, na mashine ilikuwa imepiga mstari mwekundu chini ya kila jina la Kigusii. Jina la marehemu, jina la mwanawe, jina la mchungaji, hata jina la soko letu. Ukurasa ulionekana kama umechapwa viboko. Nilikasirika, kisha nikafikiri: huu ni mfumo wa watu wa dunia nzima, wenye elimu, na sitaki waseme Kebirigo hatujui kuandika. Mashine ilijitolea kusahihisha. Ilitaka kuniuliza neno moja moja. Sikuwa na nafasi ya mazungumzo. Nikabonyeza pale pa kusahihisha yote.

Mistari myekundu ikatoweka. Ukurasa ukawa safi kama shuka ya harusi. Nikachapa nakala zote, nikazikunja, nikazifunga kwenye katoni na kumpelekea jamaa mmoja wa Nyangate kabla jua halijazama. Lavender alikuwa mlangoni kwake akaniangalia nikipita. Nilimsalimu kwa upole wa mshindi.

Ijumaa, 12 Septemba

Nilikuwa nafungua mlango asubuhi nikamkuta Mzee Nyangate amesimama kizingitini, suti nyeusi, programu mkononi. Hakunisalimu. Aliweka kidole juu ya jalada, chini ya picha ya yule mama anayecheka.

"Onyancha," akasema, "mama yangu aliitwa nani?"

Nikasema aliitwa Mong'ina.

"Soma hapa."

Nilisoma. Palikuwa pameandikwa kwamba tunasherehekea maisha ya Mama Mongolia. Ndani, Mama Mongolia aliolewa Vertigo, yaani hapa Kebirigo, akajaliwa mwana mmoja, Mzee Navigate. Mahubiri yangetolewa na Pasta Desire. Huyo ni Mchungaji Bosire, mtu mkali sana.

Nilimweleza Mzee kwamba lawama ni za kamusi ya mashine. Alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema, "Niliwakimbia wanaokula majina, nikaja kwako." Hakupaza sauti. Afadhali angepaza. Alikunja ile karatasi mara mbili, taratibu, akaitia mfukoni, akavuka barabara.

Nilimfuata. Sijui kwa nini. Labda kwa sababu ile katoni ya jana niliibeba mimi mwenyewe.

Lavender alipoiona ile programu alifunika mdomo kwa kiganja. Nilidhani anacheka. Hakuwa anacheka. Alimpa Mzee kiti, akawaomba wateja wake wasimame kando, akachomeka flashi ya Mzee, yenye masahihisho yangu yote, na kurudisha majina jina kwa jina, kila mara akimgeukia Mzee na kumuuliza kama ndivyo linavyoandikwa. Mzee alikuwa akiitikia kwa kichwa. Walipofika kwenye Mong'ina, Lavender alimwonyesha alama ile ndogo ya katikati, akamuuliza kama ikae hapo. Mzee akasema ndiyo, hapo hapo, akaigusa kwa kidole kwenye kioo. Mimi niligeukia mlangoni nikajifuta macho. Huenda ni harufu ya wino.

Niliambiwa nikae pembeni nibane karatasi kwa stepla. Mimi, mwenye saiba, nabana karatasi katika saiba ya watu. Nilikuwa nimekasirika vya kutosha, kisha nikainua macho nikaona kioo cha Lavender. Rangi zile. Vibonyezo vile. Kidirisha kile cheusi. Linux! Kompyuta zake zote! Nilimuuliza tangu lini. Akasema tangu alipofungua. Nilimuuliza mbona hakuniambia. Akasema, "Baba Lewis, hukuwahi kuniuliza. Jana ulipouliza, si nilikujibu?"

Halafu nikaona kwenye kioo chake ukurasa wa lile jukwaa la mtandaoni, na jina lake pale juu. Taa ya Nyamira.

Nilibana stepla kidoleni.

Programu zilifika kabla ya jeneza kutolewa nyumbani. Mchungaji Bosire alihubiri kuhusu ulimi, kiungo kidogo kinachowasha msitu mkubwa. Sheila alikuwa amekaa mbele yangu na hakugeuka hata mara moja. Jemimah aligeuka mara kadhaa.

Jumapili, 14 Septemba

Nimetafakari wiki hii kwa utulivu na nimeona palipoharibika. Nimedhulumiwa.

Lavender ameitumia Linux kimyakimya muda wote huo, na kuniacha mimi nieneze kwamba mashine zake zina virusi, jambo ambalo angeweza kulizuia kwa kunieleza ukweli. Huo ni ushindani usio wa haki. Isitoshe, nilipokuwa namfungulia moyo mtandaoni, alikuwa ananiona kupitia dirishani. Jemimah ameshauri nivuke nimwombe radhi, na ikiwezekana nimwombe pia anifundishe, maana ameonekana kuwa tayari. Nimemwambia nitavuka Lavender akianza kwanza. Jemimah akauliza aanze nini, kwa vile yeye ndiye aliyekosewa. Maswali yake hayaishi.

Mzee Nyangate alinisalimu kanisani jana, siku ya Sabato. Alinishika mkono muda mrefu. Alisema amenisamehe, na kwamba mjukuu wake mdogo sasa amekataa kumwita bibi kwa jina jingine isipokuwa Mongolia. Ilionekana kama alikuwa anatabasamu. Nimelichukua hilo kama pongezi kwa kazi yangu.

Jumatatu, 15 Septemba

Habari njema, na zimekuja zenyewe.

Leo asubuhi alipita Mogire, katibu wa kikundi cha wakulima wa chai wa upande wa Itumbe. Wanataka mtu wa kuwawekea kumbukumbu zote za chai ya wanachama mahali pamoja, ili kila kituo cha kununulia kiwe kinaziona. Alisema alikuwa anavuka kwenda kumuuliza Lavender kama anafahamu mambo ya seva. Nilimshika mkono kabla hajafika katikati ya barabara. Nilimwambia Lavender ni mtu wa kuchapa karatasi tu, masikini, na kwamba ukisema seva katika Kebirigo yote hii umesema Onyancha.

Aliuliza kama nimewahi kuweka seva. Nilimjibu kwamba wiki iliyopita peke yake nimeweka tano. Akafurahi sana, akanipa mkono. Kesho asubuhi kamati nzima itakuwepo kunitazama nikianza kazi, na wamesema wataleta kumbukumbu zote, za miaka yote, nakala pekee waliyo nayo.

Jemimah amepika matoke kwa furaha ya habari hii, au kwa huzuni, sikuweza kutofautisha. Nikishakula nitatafuta mtandaoni seva ni nini hasa.