Nukta Tatu na Kisima Kimoja

Jumatatu, 3 Machi

Laptopu imefika. Nyembamba kama sinia, baridi kama pua ya paka. Binti yangu aliilaza mapajani mwangu kama mtu anayelaza mtoto mchanga, kisha akakimbilia jikoni kupenga kamasi. Ndivyo anavyofanya tangu daktari alipomvuta pembeni koridoni. Mimi daktari aliniambia tu nisijichoshe na mipango ya mbali. Nikamwuliza kuhusu mvua zijazo. Akatazama viatu vyake.

Basi humu nitaandika kweli tupu. Sina muda wa kuidanganya shajara. Nitadanganya watu tu.

Kazi ya laptopu ni ramani. Nimechora ramani maisha yangu yote, wilaya za watu nisiowajua, mito nisiyowahi kuonja. Sehemu pekee ambayo sikuichora ni uwanja wa nyumba yetu ya zamani, na nyumba yenyewe ilibomolewa kupisha barabara. Binti alikuwa mdogo. Anachokumbuka ni ukuta wa buluu na sauti ya ndoo. Anataka kujua mama yake alikaa wapi alipokuwa akisuka nywele, mlango ulitazama upande gani, mtu akitoka jikoni alikanyaga nini kwanza. Anayejua haya ni mimi. Nami ninayeyuka kama sabuni iliyosahaulika kwenye maji.

Nikawasha. Weupe! Kama asubuhi ya ukungu kabla mtu hajapita. Nikaelea humo, nikamsahau daktari, nikasahau miguu iliyovimba.

Kisha nikaziona. Nukta tatu nyeusi. Nikafuta kwa mkono wa shati. Nikafuta kwa mate. Hazibanduki.

Jumanne, 4 Machi

Shemeji amekuja kunijulia hali. Yaani kuniangalia kama nimeshakufa. Ni kaka wa marehemu mke wangu, na kama hilo halikutosha, alikuwa pia mkaguzi wa ramani ofisini kwetu. Kila nilichochora kilipita mezani kwake na kilirudi na duara la penseli nyekundu. Hata harusini alinitazama kama mtu anayetafuta kosa kwenye pembe.

Amekuja na kioo chake cha kukuzia. Akainama juu ya laptopu. Akahema kwa raha. Akasema, “Shemeji, hata kiwanda kimeanza kukuiga.”

Hapa lazima nieleze. Ofisini kwetu tone la wino likidondoka juu ya ramani, hatukuchana karatasi. Karatasi ilikuwa kazi ya wiki nzima. Tulilizungushia duara dogo, tukaandika “kisima”. Kila mchoraji alifanya hivyo; mkaguzi alikataa, wakubwa wakapitisha. Kuna wilaya kame kabisa ambayo kwenye ramani ina visima vingi kuliko mbuzi. Shemeji hajawahi kutusamehe.

Binti alipiga simu dukani. Fundi akasema hizo ni pikseli zilizokufa, ni ugonjwa wa kioo chenyewe na si wa kazi inayochorwa juu yake. Watabadilisha, ila kwa masharti: nukta ziwe tano au zaidi, na irudishwe kabla ya Jumamosi. Tatu wanaziita kawaida.

Kawaida! Fundi huyo hajawahi kuchora.

Jumatano, 5 Machi

Mpango wa kwanza: kuzifufua. Nimezikanda kwa kitambaa cha uvuguvugu. Nimezibonyeza kwa kidole gumba. Nimezisemesha. Binti akasema wengine huweka video ya rangi zinazopepesa, pengine nukta ikashtuka na kuamka. Akaiweka. Nyekundu, kijani, buluu, manjano.

Nikatazama. Rangi zikawa kanga. Mke wangu akawa anazianika moja moja kwenye kamba, huku akinung'unika kwamba maji ya kufulia yanatoka mbali mno. Alitamani kisima uwanjani maisha yake yote. Chini kulikuwa na mwamba mtupu. Kila aliyekuja kupima aligonga, akatikisa kichwa, akanywa chai, akaondoka. Nikamwona anageuka kuniambia kitu. Binti akanigusa bega kuniuliza kama nimekunywa dawa.

Nukta bado zimekufa. Aliyefufuka ni mimi peke yangu, tena kwa muda.

Alhamisi, 6 Machi

Wazo! Kama haziwezi kupungua, ziongezeke.

Nilimtuma binti sokoni kutafuta ndimu zisizo na mbegu. Nikafungua kisanduku changu cha kalamu za zamani. Nikachagua ile yenye ncha ya unywele. Wino mweusi, tone moja kwenye kifuniko. Mkono wangu siku hizi unatetemeka hata kushika kijiko, lakini nilizuia pumzi, nikaegemeza kiwiko kwenye mto, na kwa kitambo kile mkono ukakumbuka ulikuwa wa nani.

Nukta ya nne. Nukta ya tano.

Mungu wangu, uzuri wake! Ndogo, kimya, nyeusi kama mboni ya chenene. Nimekaa nazo mchana wote. Zile tatu za kiwandani zinaonekana washamba mbele yake.

Binti alirudi na ndimu zenye mbegu. Akahesabu nukta, akanitazama, akanusa hewa. Akaenda kukamua ndimu. Ana huruma ya mama yake.

Ijumaa, 7 Machi

Aibu. Aibu yenye magurudumu.

Siwezi kubeba hata mfuko wa mkate, kwa hiyo nilimwomba shemeji atusindikize dukani. Kosa langu. Lakini nilitaka aone ninavyoshinda.

Fundi ni msichana mwenye spika za masikio zilizoning'inia shingoni. Aliniita babu, akanivutia kiti, akageuza laptopu huku na huku. Akahesabu. Tano. Akasema sawa babu, tutakupa nyingine, hii imekula kwetu. Akaanza kuandika. Nilihisi mapafu yanafunguka kama mlango wa maktaba.

Ndipo nikasikia mguno. Naujua mguno ule. Shemeji alikuwa ametoa kioo cha kukuzia. Nikamfinya paja. Alishindwa kujizuia, maskini, ni kama kumwambia paka asitazame samaki.

“Binti,” akamwambia fundi, “tatu ni za kiwanda. Hizi mbili ni mkono wa shemeji yangu. Nukta zake zina mkia upande wa kushoto. Nimezirudisha miaka na miaka.”

Fundi akachukua kitambaa. Akapitisha mara moja tu. Zikafutika. Kazi yangu bora tangu nistaafu! Alicheka mpaka spika zikadondoka kaunta. Akasema, “Babu wewe ni hatari,” akatufungia laptopu vizuri, akatupa kitambaa bure.

Kwenye teksi sikumsemesha shemeji. Binti alitazama nje, mabega yake yakitikisika. Sikujua kama analia au anacheka, na nadhani naye hakujua. Karibu na nyumbani shemeji akaliambia dirisha kwamba zile mbili zilikuwa duara safi kuliko za kiwanda. Mkia ni mdogo sana, akasema. Mtu wa kawaida asingeuona.

Sikumshukuru. Lakini nimekula vizuri usiku huu.

Jumapili, 9 Machi

Nimeanza. Hakuna muda wa kununa, pumzi inakatika hata nikifunga vifungo vya shati.

Binti alinionyesha namna ya kukuza ramani na kuisogeza kwa kipanya. Kipanya nikakipokea kwa kuchorea tu; kukuza na kusogeza nikakataa. Karatasi haisogei. Ukiisogeza nchi unaipoteza. Ramani yote nimeieneza kwenye kioo kizima na hapo itabaki.

Nikachora ukuta, veranda, jiko la nje. Na nukta ya kwanza ikaangukia wapi? Hatua chache kutoka mlango wa jiko, penye kivuli, pale pale mke wangu aliposimama na ndoo yake kulaani mwamba.

Nikaitazama muda mrefu. Ikanitazama. Mkono ukajua la kufanya, nami sikuuzuia. Nikaizungushia duara dogo, bila neno; nukta ilitosha. Kisima.

Jumatano, 12 Machi

Kazi inanoga. Nukta ya pili imeangukia paa la jirani: nimeiandika “jogoo”, kwa sababu alikuwepo, na alikuwa na kiburi. Ya tatu iko katikati ya chumba chetu. Nimeiandika “pini ya nywele”. Mke wangu aliipoteza tukaitafuta mpaka tukabomoa kitanda. Kumbe ilikuwa hapo.

Njia zote za uwanja nimezipeleka kisimani. Ya kutoka jikoni, ya kutoka langoni, kanjia ka watoto kupitia uani kwa jirani. Zinakutana hapo kama watu wenye habari.

Shemeji alipoona alipandwa na mori. Akasema hapakuwa na kisima, yeye na yule mwanamke walizaliwa tumbo moja, alimsikia akilalamika. Akasema pini ya nywele kwenye kipimo hiki ingekuwa ndefu kama mlingoti. Akatafuta penseli nyekundu mfukoni na akakumbuka kwamba kioo hakichorwi kwa penseli. Nikafurahi kupita kiasi, nikakohoa, ikabidi nilazwe kitandani. Alikaa pembeni akinipepea kwa gazeti huku akiendelea kubisha.

Ijumaa, 14 Machi

Imekamilika. Sitachora nyingine. Nimelitia jina langu pembeni, dogo.

Binti akaleta printa yake, iliyotoka duka lile lile, akachapa kwenye karatasi kubwa nne, akaziunga kwa gundi, akazitandika juu ya meza. Sote watatu tukainama. Yeye akaweka kidole langoni na kuanza kutembea. Akapita ukuta wa buluu. Akapita veranda, akasema hapa ndipo nilipoanguka, eh, baba? Kidole kikafuata njia. Kikasimama.

Peupe.

Njia zote zimekuja kutoka kila upande na kukutana kwenye duara tupu. Nukta hakuna. Jogoo hakuna, pini hakuna, maneno yake tu yamesimama kando ya weupe. Fundi alisema kweli, ziko kwenye kioo, hazikuwahi kuwa kwenye ramani. Mimi nilishazizoea kama majirani.

“Baba,” binti akauliza taratibu, “hapa walikuwa wanafuata nini wote?”

Nilitaka kujibu. Pumzi haikunipa ruhusa. Nilimwona mke wangu akiwa na ndoo mkononi, akitazama mahali patupu, na safari hii sikuwa na hata tone la wino.

Shemeji akatoa kalamu mfukoni mwa shati. Mtu ambaye alikataa visima vyetu vyote, tangu tukiwa na nywele. Akainama mpaka pua ikagusa karatasi. Akatia nukta moja, katikati ya duara. Akaipuliza.

“Maji,” akasema. “Walikuwa wanafuata maji.”

Binti akauliza kwani mama alikuwa na kisima. Tukatazamana, mimi na shemeji. Akasema ndiyo, alikuwa nacho. Nikapata pumzi kidogo, nikaongeza: maji matamu.

Binti akakalia kiti karibu na meza, akaweka kiganja chake juu ya nukta kama anayepima kina.

Jumamosi, 15 Machi

Nimeamka mwepesi sana, kama nguo iliyosahaulika kwenye kamba. Miguu siihisi. Binti bado amelala kwenye kochi na ramani amejifunika nusu. Dirishani kuna ukungu, mweupe, hauna doa hata moja.

Na nimepata wazo!

Kosa si la laptopu. Kosa ni la printa. Mashine iliyoona nukta tatu, zinazoonekana na kila mwenye macho, ikachapa moja tu! Fundi akibisha nitamtandazia ushahidi: kisima kipo, jogoo na pini havipo. Uzembe mtupu. Lazima watupe nyingine, na ikiwezekana na kitambaa.

Shemeji nimempigia, amekubali kuibeba. Nimemwapisha asigune. Akasema ataapa, ila anakuja na kioo chake cha kukuzia, kwa tahadhari tu.

Hainitishi. Nukta ya shemeji haina mkia. Hakuna atakayejua.